Mwalimu mpya wa awali, anza na vichwa vya bamia

Ukipangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, utatamani kuandika 1 hadi 10 ubaoni na kuwaimbisha watoto. Wataimba vizuri sana. Halafu mwekee mmoja vizibo sita vya soda mbele yake, umwambie ahesabu: mdomo utafika kumi, kidole bado kiko kwenye kizibo cha nne. Kugonga mihuri ya maumbo ndiyo kazi ninayoiamini kwa tatizo hili, kwa sababu kila pigo linaacha alama, na alama haikimbii.

Vifaa usinunue. Pita kwa mama lishe umwombe vichwa vya bamia anavyotupa; chakula cha mtu tusikichezee. Kichwa cha bamia kina kikonyo cha kushikia, na upande uliokatwa unatoa nyota. Mara nyingi ina pembe tano, ila zipo za sita, saba au zaidi. Usizitoe hizo! Zichanganye, kisha waambie watafute nyota isiyofanana na wenzake, uone watakavyohesabu pembe bila kulazimishwa. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani, kwa hiyo linagonga duara safi lenye tundu. Pembetatu na mraba vichonge mwenyewe kwenye nusu ya kiazi, na kisu kikae kwako. Futa maji ya kiazi kwa kitambaa kwanza, la sivyo rangi haishiki.

Rangi ni uji mzito wa unga wa ngano uliopoa, uliotiwa rangi ya chakula. Usiumwage kwenye sahani watoto wakachovya. Utavuja na pembe zote zitapotea. Loweshea kipande cha godoro, kiweke juu ya kifuniko cha ndoo, wagonge hapo kabla ya karatasi.

Sasa sikiliza. Mwambie mtoto, “Nigongee nyota tatu,” naye ataje namba kila anapogonga: pigo moja, neno moja. Akigonga nne huku akisema tatu, usimwambie amekosea. Mshike kidole mguse pamoja alama moja moja. Akimaliza, muulize, “Kwa hiyo ziko ngapi?” Akianza tena moja, mbili, ujue bado hajaelewa kuwa namba ya mwisho aliyotaja ndiyo idadi ya zote. Hapo usikimbilie kujumlisha, hata kama mwalimu mkuu anauliza mmefika wapi.

Jaribu pia duara tano zilizobanana na duara tano zilizotawanyika kwenye karatasi nyingine. Wengi watasema zilizotawanyika ni nyingi zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliandika sana jambo hili, kwa hiyo usidhani darasa lako ni zito. Waache wahesabu, wabishane, wahesabu tena.

Wakizoea, lete kanga. Waonyeshe pindo linavyozunguka mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na umbo lilelile linavyojirudia. Wape kipande kirefu cha kalenda ya zamani watengeneze pindo lao: nyota, duara, duara, nyota, duara, duara. Simama katikati uulize kinachofuata. Tarakimu ziandikwe baada ya haya yote, pembeni mwa alama zilizokwisha hesabiwa. Sifuri ni rahisi ajabu: karatasi isiyogongwa kitu.

Kiwango cha serikali Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, lakini wewe huenda umekabidhiwa 70. Usigawe rangi kwa wote. Kundi la watoto sita likae mkekani na wewe, wengine wapange vizibo na vijiti kwa maumbo, mbadilishane kesho. Na majina yaandike nyuma ya karatasi kabla ya kazi kuanza. Zikishaanikwa kambani zinafanana, na kila mzazi atakuambia ya mwanawe ni ile yenye nyota nyingi.