Maswali na Majibu: Kamera Yako ya Kwanza ya DSLR

Maswali ya safari hii yote yametoka kwa wasomaji wenye DSLR mpya (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) mkononi. Tumeyafupisha, majibu tumeyaacha yarefuke pale panapostahili.

Nina kamera yenye lenzi ya 18-55mm. Wenzangu wanasema asiyetumia M (hali ya kujiwekea kila kitu mwenyewe) si mpiga picha, lakini kila nikiweka M picha hutoka nyeusi tii au nyeupe pe. Nianzie wapi?

Wenzako wana haraka. M inakudai maamuzi matatu kwa kila picha: ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Hadi uyamalize, unayempiga picha keshaondoka. Anzia A kama kamera yako ni Nikon, au Av kama ni Canon. Hapo unachagua tundu, na kamera inatafuta kasi ya kulingana nalo. ISO iache kwenye Auto, ila ingia kwenye menyu uiwekee ukomo wa 3200 ili chengachenga zisizidi.

Kabla hata ya hayo, tafuta kigurudumu kidogo kilicho kando ya kidirisha cha kutazamia. Tazama ndani, achana na mandhari, angalia namba zilizo chini, kisha kizungushe mpaka zisomeke vizuri. Kigurudumu hicho hulinganisha kidirisha na macho yako na hakibadilishi picha. Kuna wanaorudisha kamera dukani wakidai ni mbovu, kumbe hawajakigusa.

Tundu huwachanganya watu kwa kuwa namba ndogo baada ya f ndiyo tundu kubwa. Namba hiyo ni kigawanyo cha urefu wa lenzi (zile milimita zake): lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2 ina tundu la milimita 25, na ikiwa f/10 linabaki milimita 5. Kutoka f/4 kwenda f/5.6, f/8, kisha f/11, kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Wala usishtuke ukivuta lenzi yako kutoka 18 hadi 55 na f/3.5 ikageuka f/5.6. Ndivyo ilivyoundwa.

Fanya zoezi hili. Weka chupa mezani karibu na dirisha, na nyuma yake, hatua mbili tatu hivi, kuwe na kitu chenye maandishi makubwa. Funga ISO kwenye 400, weka lenzi 55mm, simama kama mita moja kutoka kwenye chupa, uilenge. Piga kwa f/5.6, f/11, kisha f/22. Maandishi yaliyokuwa yamefifia yataanza kusomeka. Angalia na kasi: ikiwa kwa f/5.6 ilikuwa 1/200, kwa f/22 itakuwa imeshuka hadi karibu 1/13, na hapo mkono wako utaonekana kwenye picha. Isitoshe, tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima hupoteza makali. Kwa mandhari, f/8 hadi f/11 inatosha.

Kwenye skrini ya kamera picha zangu ni nzuri, lakini kwenye kompyuta zina ukungu. Je, lenzi ni mbovu?

Mara nyingi si lenzi. Skrini ya kamera ni ndogo, inaficha makosa. Zoea kuikuza picha papo hapo baada ya kupiga. Ukiikuza, angalia ukungu ni wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake.

Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Kanuni ya zamani inasema kasi isiwe chini ya 1 kugawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa kuwa sensa (kipande kinachonasa picha) ya kamera nyingi za kuanzia ni ndogo kuliko filamu ya 35mm, zidisha urefu huo kwa 1.5: kwa 18mm ni karibu 1/30, kwa 55mm ni karibu 1/80. Kizuia mtikisiko cha lenzi kinakuruhusu kushuka zaidi ya hapo, lakini kinatuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia hakimtulizi.

Kama ukuta ni safi na watu ndio waliovutika, waliokwenda ni wao. Hamia S (Nikon) au Tv (Canon), uchague kasi mwenyewe: 1/250 kwa anayetembea, 1/500 au zaidi kwa anayekimbia.

Aina ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: sikio au pazia la nyuma liko safi, macho yamefifia. Hapo fokasi, yaani mahali lenzi inapoona kwa makali, imekaa pasipotakiwa. Kamera ikiachiwa ichague nukta ya fokasi yenyewe, aghalabu hukamata kilicho karibu zaidi nayo. Mnyang'anye uamuzi huo. Chagua nukta moja, ya katikati, iweke kwenye jicho, bonyeza kitufe cha shata nusu, kishikilie hivyo, panga picha, ndipo umalizie kubonyeza. Mbinu hii inataka hali ya fokasi ya AF-S kwenye Nikon au One Shot kwenye Canon. Ukiwa kwenye AF-C au AI Servo, zilizowekwa kwa vitu vinavyotembea, fokasi itahama pamoja na kamera yako. Na ukiwa na lenzi ya f/1.8 karibu na mtu, usizungushe kamera baada ya kufunga fokasi. Peleka nukta yenyewe kwenye jicho, kwa sababu hapo sentimita moja inatosha kuharibu.

Kamera ikigoma kupiga kabisa, huenda umekaribia mno. Lenzi nyingi za 18-55mm hazioni vizuri chini ya sentimita 25 hivi.

Nikimpiga mtu mbele ya dirisha, uso huwa giza. Nguo nyeupe nazo hutoka kijivu. Kwa nini?

Kipimo cha mwanga hakijui kinatazama nini. Hukisia kwamba dunia yote kwa wastani ni kijivu, na kinaivuta kila picha iende huko. Dirisha likijaa kwenye picha, kamera huona mwanga umezidi na kuupunguza, uso ukaumia. Shikilia kitufe chenye alama ya +/- na uzungushe gurudumu hadi +1, ikibidi +2. Kinyume chake, mtu mwenye suti nyeusi akijaza picha, kamera itaongeza mwanga bila sababu. Shuka hadi -1. Ukimaliza rudisha 0, kwani kamera nyingi hukumbuka hata zikizimwa.

Flashi ndogo ya juu ya kamera inasaidia pia, ila haifiki mbali: kwa ISO 100 na f/5.6 tegemea kama mita 2, kwa ISO 400 kama mita 4. Vua kofia ya lenzi (ile pete ya mbele ya kuzuia jua) kwanza, la sivyo itaacha kivuli cha duara chini ya picha.

RAW au JPEG?

Zote mbili kwa pamoja, kama kadi ina nafasi. JPEG ni picha iliyokwisha tengenezwa na kamera, RAW ni data ghafi ya sensa. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, ndiyo maana uso uliotoka giza unaokoleka. Lakini RAW haiwezi kusafisha ukungu.

Nikipiga anga naona madoa pale pale kwenye kila picha. Nimefuta lenzi, hayatoki.

Ni vumbi kwenye sensa. Piga ukuta mweupe kwa f/22 fokasi ikiwa imepotea: madoa yakionekana, kisha yakafifia kwa f/5.6, umethibitisha. Chaji betri ijae, chagua kwenye menyu amri ya kuinua kioo kilicho mbele ya sensa kwa ajili ya usafi, elekeza mdomo wa kamera chini, upulize kwa puto la mpira la kubinya kwa mkono. Usipulize kwa kinywa, mate yatabaki humo. Kopo la hewa ya shinikizo nalo hutema kimiminika, usilitumie. Vumbi unaloliona kwenye kidirisha tu, lisilotokea kwenye picha, liache lilivyo. Halina madhara, na kioo kinachunika kirahisi.