Sanduku la wasomaji: Maiti, mjusi na kisiwa cha jua

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Death in Paradise, tamthilia ya BBC ya mauaji yasiyotisha. Zilizo nyingi zinabishania sehemu iliyofungua msimu wa tatu, Januari 2014, pale Inspekta Richard Poole anapochomwa kwa chuma cha kuvunjia barafu akiwa ameketi kitini, katika karamu ya wenzake wa zamani wa chuo cha Cambridge. Kwa asiyeijua: ni kisiwa cha kubuni cha Saint Marie, bahari ya Karibi. Kuna mpelelezi Mwingereza ambaye kila kitu cha huko kinamkera, kila wiki kuna marehemu mpya, na jioni wote wako baani kwa Bi Catherine. Muuaji wa sehemu hiyo hatumtaji, wapo ambao ndio kwanza wanaianza.

Mimi na mume wangu hatusemezani vizuri tangu tuitazame. Yeye anasema kumuua mhusika mkuu kumeharibu tamthilia ya kuchekesha. Mimi nasema hakuna sehemu nzuri kuliko ile. Tuamulieni. — Msomaji, Tanga

Dada wa Tanga, shemeji ana haki kwa dakika ishirini za mwanzo, zilizobaki ni zako.

Hadithi za namna hii hutegemea marehemu mwepesi. Tunamjua kwa dakika tano, na mara nyingi ni tajiri mkorofi au mume mzinzi. Akifa hatulii, tunauliza tu nani kafanya. Poole tulikuwa naye misimu miwili, sehemu 16, na suti yake ya sufu na mkoba wake juani. Kifo chake kina uzito, na uzito huo unavuta kila mzaha chini. Ndiyo maana sehemu ile inaanza kwa kupwaya: ukitaka kucheka unajiona huna adabu.

Waandishi waliirudisha mizani kwa kumleta inspekta mpya, Humphrey Goodman. Anajikwaa, anaandika mambo ya kesi kwenye vipande vya karatasi vya kuokota kwa sababu hana daftari, na mkewe aliyetakiwa kumfuata kisiwani anamwacha. Huyo naye ana msiba wake, kwa hiyo kicheko chake hakiwatukani wafiwa. Camille, mpelelezi aliyefanya kazi na Poole, na wenzake wamepewa huzuni kwa vipande vifupi, kisha kazi inaendelea. Mimi ningewapa dakika tano zaidi za kulia.

Ben Miller, aliyeigiza Poole, alitaka kuondoka mwenyewe. Upigaji picha unachukua karibu nusu mwaka mbali na nyumbani na familia. Wangeweza kumpandisha ndege tu. Waliomfuata, Goodman, Jack Mooney na Neville Parker, wote wameondoka wakiwa hai.

Inspekta anaduwaa, anatazama kitu, mara ameshajua. Kwangu huo ni uganga. Kuna namna ya kumtangulia? — Msomaji, Nakuru

Ipo, na huhitaji akili nyingi kuliko ya kutegua kitendawili. Sehemu moja ina kama saa nzima, na nusu ya jibu imewekwa kabla wimbo wa mwanzo haujapigwa. Dakika zile unazotumia kutafuta rimoti na kumimina chai ndizo za kukaza macho.

Maiti ikishaonekana, simamisha picha, chukua karatasi ujibu mambo manne. Nani wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai, na alimwona uso au alimwona mgongo na kofia? Nani wa kwanza kuigusa maiti? Saa ya kifo imejulikana kwa kitu gani: mlio wa risasi, simu, saa iliyovunjika, au kauli ya mtu mmoja? Na kitu gani kipo mahali pasipo pake, au kimekosekana mahali pake? Washukiwa huwa wanne au watano, na kila mmoja ana watu wa kumshuhudia kwamba alikuwa kwingine. Usipoteze muda na sababu za kuua. Sababu wote wanayo, na waandishi wanaigawa kama pipi. Shika namna ilivyotendeka.

Swali la pili ndilo linalosahaulika. Chukua mlango uliofungwa kwa ndani. Watu watatu wanauvunja, mmoja anakimbilia maiti na kupiga kelele, wawili wanabaki mlangoni wakitetemeka. Baadaye ufunguo unapatikana mfukoni mwa marehemu, na wote wanaapa kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Wanasema kweli. Lakini hakuna aliyeuona ufunguo kabla yule wa kwanza hajainama. Ama alikuwa nao yeye akautia mfukoni wakati wengine wanatazama damu, ama, vibaya zaidi, marehemu alikuwa amelala tu kwa dawa, na kisu kiliingia dakika ile ile ya kelele. Mtego huu ni mkongwe kuliko televisheni. Tamthilia yenyewe ilianza kwa chumba: katika sehemu ya kwanza, Oktoba 2011, afisa wa polisi amepigwa risasi ndani ya chumba cha usalama kilichofungwa.

Wanaokosea hukosea kwa kumshuku mwigizaji maarufu. Ilikuwa njia nzuri zamani. Siku hizi waandishi wanajua kwamba tunajua.

Mimi ni muuguzi. Wanasema "ameuawa kati ya saa nne na saa nne na nusu" kama waliokuwepo. Kwa joto lile inawezekana? — Msomaji, Mombasa

Kwa mwili peke yake haiwezekani, na wewe unajua. Katika chumba chenye nyuzijoto 20, maiti hupoteza takriban nyuzi moja kwa saa, kwa hiyo kipimajoto kinasaidia. Katika chumba chenye nyuzi 31, toka 37 pana tofauti ya nyuzi 6 tu. Mwili unapoa polepole mno, na ukiwa juani unaweza hata kupanda joto. Kukakamaa nako huanza tayani saa mbili hivi baada ya kifo, lakini joto hukuharakisha. Damu kuvilia upande wa chini huonekana kati ya nusu saa na saa mbili, na hutulia kabisa baada ya saa 8 hadi 12. Hiyo inafaa zaidi kukuambia kama maiti imehamishwa kuliko kukupa saa.

Ongeza kiyoyozi. Ukikiwasha kwa nguvu, mwili unapoa haraka na daktari anadhani mtu kafa mapema kuliko ilivyo. Mtu akizima kiyoyozi au akifungua madirisha bila sababu, muandike kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo zile dakika thelathini hazitoki kwa daktari. Zinatoka kwa binadamu: kuna aliyempigia simu marehemu, kuna waliosikia risasi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu sauti inaweza kutengenezwa. Risasi ya kweli ilipigwa mapema ikafunikwa na ngoma au fataki, na mlio uliosikika baadaye ni wa kitu kingine, muuaji akiwa amekaa na mashahidi. Ila wakikuambia bastola ya kwanza ilikuwa na kiwambo cha sauti na jirani hakusikia kitu, kataa. Mlio wa bastola ni kama desibeli 160, kiwambo hupunguza 20 hadi 35. Kinachobaki kinafanana na nyundo ikigonga chuma, wala si ule mpumuo wa kwenye filamu.

Watu watano wamekunywa kutoka jagi moja, kafa mmoja. Mbona wanarudia ujanja huu? — Msomaji, Maskati

Kwa sababu una majibu mengi na wote tunaielewa glasi. Sumu huenda ilikuwa ukingoni mwa glasi moja, au kwenye mrija, au jagi lilikuwa safi na mtu alikunywa sumu yake saa moja kabla. Jibu tunalolipenda ni barafu. Maji yakiganda kwenye friza huanza pembeni kwenda katikati, na kilichoyeyuka ndani yake husukumwa kwenye kiini. Tazama kipande chochote cha nyumbani: pembeni ni angavu, katikati kuna wingu jeupe. Anayekunywa haraka anapata maji ya pembeni na kusalimika. Anayeongea sana huku glasi ikipata joto mkononi anakutana na lile wingu.

Udhaifu wa ujanja huu ni kwamba muuaji hawezi kuchagua nani ataongea sana. Sumu nyingi pia ni chungu, na kinywaji cha matunda hakifichi kila kitu. Kwa hiyo ukiona barafu, uliza nani aliigawa kwa mkono wake. Kama kila mtu alijichukulia mwenyewe, barafu imewekwa kukupoteza.

Saint Marie iko wapi hasa, na mbona majina ni ya Kifaransa na watu wanaongea Kiingereza? — Msomaji, Bujumbura

Haipo. Unachokiona ni Guadeloupe, eneo la Ufaransa lenye sarafu ya euro, na hasa mji mdogo wa Deshaies, kaskazini-magharibi mwa Basse-Terre. Kituo cha polisi ni jengo karibu na kanisa la hapo. Katika hadithi, kisiwa kimepita mikononi mwa Wafaransa na Waingereza mara kadhaa na sasa ni cha Uingereza, ndipo akina Bordey, yaani Camille na mama yake Bi Catherine, wana Kifaransa chao na kamishna ana Kiingereza cha baridi. Wewe wa Bujumbura unaweza kuitafuta kwa jina la Meurtres au paradis, France 2 wanaionyesha. Sauti za kutiwa zinapunguza utani mmoja mkubwa, ule wa Mwingereza asiyejua alipo.

Kweli polisi wa London anaweza kupelekwa kuongoza upelelezi kisiwani? Na yule mjusi? — Msomaji, Dodoma

Katika maeneo ya Uingereza ya ng'ambo, kama Montserrat, ambayo ni jirani wa Guadeloupe, gavana anayeteuliwa na London ndiye mwenye dhamana ya usalama wa ndani, na maofisa kutoka Uingereza huajiriwa kwa mikataba. Kwa hiyo wazo si la ajabu. Robert Thorogood, aliyeibuni tamthilia, amesema alilipata mwaka 2007, Bob Woolmer, kocha wa kriketi wa Pakistan, alipofariki Jamaica wakati wa Kombe la Dunia na mpelelezi Mwingereza akawa kwenye kesi. Polisi walianza kwa kusema amenyongwa, na Juni mwaka huohuo wakatangaza kuwa ni kifo cha kawaida.

Kisichoaminika ni kuwakusanya washukiwa sebuleni na kuwasomea hadithi. Wakili yeyote angemwambia mteja wake anyamaze, na sehemu ingeisha dakika ya hamsini.

Mjusi Harry, anayeishi na inspekta nyumbani kwake, ni wa kompyuta.

Hakuna kitu cha namna hii kwa Kiswahili? Kisiwa tunacho. — Msomaji, Unguja

Tena mlitangulia kwa nusu karne. Muhammed Said Abdulla, wa hapohapo Unguja, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: Bwana Ali amekutwa ameuawa kwenye mzimu, watu wanasingizia mizimu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum, anakataa kuamini mpaka aone. Tofauti ni kwamba Msa ni mwenyeji. Poole haelewi kisiwa, na kutoelewa huko kunamfanya aone visivyo vya kawaida. Msa anawaelewa watu wake kupita kiasi, kwa hiyo anajua nani anadanganya kwa adabu. Mimi nampa Msa mji.

Sehemu zimepita mia. Nianzie wapi bila kupotea? — Msomaji, Kigoma

Ya mia ilikuwa Februari 2024. Kila kesi inajitegemea, kwa hiyo unaweza kufungua popote. Usiruke zile za makabidhiano tu: ya kwanza ya msimu wa tatu, 2014, mbili za London katikati ya msimu wa sita, 2017, Goodman anapomwachia Mooney, ya nne na ya tano za msimu wa tisa, 2020, Mooney anapoondoka na Parker anapofika na mizio yake yote, na ile ya Krismasi 2024 inayomleta inspekta mwingine, Mervin Wilson. Na kama shemeji wa Tanga anasoma, aanze na ya 2017. Humo anayeondoka hafi.