Kabla hujamkatia mama tiketi kwenye shirika dogo la ndege

Mwaka niliompeleka mama kutibiwa India, nilikata tiketi mbili mbali mbali ili niokoe pesa kidogo. Ya kwanza ya shirika dogo, Dar hadi Nairobi, asubuhi. Ya pili ya shirika kubwa, Nairobi hadi Mumbai, jioni. Katikati kulikuwa na saa tano, nikaona nimepanga vizuri. Ndege ya asubuhi ikasogezwa hadi mchana, ya mchana ikasogezwa tena. Tulipotua Nairobi, ile ya Mumbai ilikuwa imeshaondoka, na kaunta wakaniambia kwenye kumbukumbu zao sisi ni abiria ambao hatukutokea. Pesa zikapotea. Mama, miguu imemvimba, alikaa juu ya begi akaniuliza, "Sasa mwanangu, tunalala wapi?"

Shirika lile silitaji, na silo nitakalolieleza hapa chini. Wala siandiki ili myakimbie mashirika madogo. Bila hayo, mtu wa Bukoba au Mtwara mwenye mgonjwa angebaki na basi la usiku kucha. Ninachotaka ni ujue yanavyoendeshwa kabla hujamkatia tiketi mtu unayempenda.

Chukua Precision Air. Marehemu Michael Shirima aliianzisha mwaka 1991, na ikaanza kuruka 1993 pale Arusha, kwa ndege za kukodi, ikiwa na Piper Aztec yenye viti vitano. Viti vitano! Hiyo ni kama teksi. Miaka kumi baadaye, 2003, Kenya Airways ikanunua asilimia 49, na mwaka 2011 hisa zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, sehemu ya Wakenya ikashuka hadi asilimia 41.23. Kuna kipindi ilikodi jeti aina ya Boeing 737, ikaziacha, ikabaki na ATR, zile tunazoziita za pangaboi. Watu walisikitika. Mimi naona ilikuwa busara. Kwa safari ya saa moja au moja na nusu, pangaboi linakula mafuta kidogo kuliko jeti na linatua kwenye njia fupi ya kurukia ambako jeti haithubutu. Na mafuta na vipuri hulipwa kwa dola, wakati abiria wengi wa ndani hulipa shilingi.

Sasa jambo lenyewe. Shirika kubwa likiharibikiwa ndege, huenda kuna nyingine imepumzika. Dogo halina hiyo akiba. Ndege ileile inaamka Dar, inakwenda Mwanza, inarudi, inakwenda Kilimanjaro, inarudi, kisha inavuka mpaka. Kila inapotua ina dakika chache tu za kushusha, kupakia na kuondoka. Ukungu wa asubuhi Kilimanjaro ukiichelewesha saa moja, saa hiyo haipotei, inasukumwa hadi safari ya mwisho, na njiani inaongezeka. Marubani nao wana saa zao za kazi kisheria. Zikiisha, zimeisha, hata kama abiria mmeshapanga mstari. Na baadhi ya viwanja vya mikoani havina taa za kuongoza ndege usiku, kwa hiyo jua likizama safari inafutwa. Ndiyo maana kwa mgonjwa au mzee nakata safari ya kwanza kabisa ya siku, hata kama tutaamka saa tisa usiku. Ile ndege imelala uwanjani, haisubiriwi kutoka popote.

Na kama kuna kuunganisha, tiketi iwe moja. Hapa ndipo ubia una maana kwa abiria: Precision na Kenya Airways wamekuwa wakiuziana viti, kwa hiyo unaweza kutoka Dar mpaka mbali huko kwa namba moja ya tiketi. Ukichelewa, kukufikisha ni kazi yao. Tiketi mbili mbali mbali ni mikataba miwili isiyojuana. Kama huna njia nyingine, lala Nairobi usiku mmoja. Chumba ni nafuu kuliko tiketi mpya ya Mumbai.

Mizigo: siku ya joto, njia fupi, ndege imejaa, rubani hana budi kupunguza uzito, na kinachobaki ni mabegi. Begi lako litakuja kesho. Dawa za mama, vipimo, picha za eksirei na chaja zikae kwenye mkoba wa mkononi, tena mdogo, maana kabati za ATR ni finyu na begi la magurudumu watalichukua pale chini ya ngazi.

Kwenye ATR abiria hupandia nyuma, mkiani. Mbele ni mlango wa mizigo. Kwa hiyo mzee asiyeweza kutembea mwombee kiti cha nyuma. Ninasema hivi na uzito moyoni. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR ya Precision iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 43 walikuwamo, 19 wakafariki. Mkia ulibaki juu ya maji, na wavuvi waliokimbilia na mitumbwi yao walisaidia watu kutoka kwa mlango huo wa nyuma. Tangu siku hiyo, mhudumu anapoonyesha milango na jaketi la kuokolea, naweka simu chini. Jaketi halijazwi hewa ndani ya ndege; linajazwa ukishatoka. Namrudia mama kwa Kiswahili cha nyumbani hadi anaitikia.

Safari ya pili ya matibabu nilifanya hivyo vyote. Tiketi moja, ndege ya alfajiri, dawa mkobani. Ikachelewa saa mbili na nusu. Pale Nairobi dada mmoja wa kaunta akamwamkia mama shikamoo, akatukabidhi kadi za ndege ya usiku na karatasi ya chakula. Mama aliagiza chai ya maziwa na chapati mbili, akala zote.