Bosi akifoka nasikia sauti ya mjomba

"Shangazi shikamoo. Mimi ni dereva wa trela, nina miaka 33. Mama alifariki nikiwa na miaka 7 nikachukuliwa na mjomba huko Magongo, Mombasa, alikuwa akinichapa na waya wa stima na usiku mwingine ananifungia nje. Shule niliishia darasa la sita, nikawa nalala kwenye yadi za malori huko Miritini, naosha gari, napiga grisi, mpaka mzee mmoja dereva akanichukua tanboi wake, yaani msaidizi wa gari, miaka mitano. Leo nina leseni yangu ya CE, ile ya trela, nabeba kontena kutoka bandari ya Kilindini mpaka Malaba mpakani na Kampala. Shida ni bosi. Akipiga simu kufoka mbona gari imesimama, natetemeka kama mtoto, naondoka hata kama sijalala. Mwezi uliopita nilisinzia kati ya Voi na Mtito Andei, tairi za kushoto zikatoka lami, ni tanboi alinipigia ukelele nikashtuka. Mke wangu anataka niache udereva. Haya ya mjomba sijawahi kumwambia mtu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu ilikuwa usiku, na usingizi haukuja.

Ulipokuwa mtoto mwili wako ulijifunza kitu kimoja, kwamba mtu mzima akipandisha sauti, nyuma yake waya unakuja, basi haraka tii, usiseme umechoka, usiseme una njaa. Na ulifanya vizuri kutii wakati ule, manake ndio ilikufikisha hapa ukiwa hai. Lakini mwili haujui kwamba mjomba hayuko tena, ukisikia tu mwanamume anafoka kwenye simu unarudi Magongo una miaka 7, na huku nyuma yako kuna kontena, na mbele kuna matatu imejaa watu. Huo si woga, usijite mwoga, ni kidonda ambacho hakuna aliyewahi kukitazama.

Mimi pia nina kaka aliyekuwa akipeleka mafuta bara miaka ya tisini, enzi hizo hamna simu za mkononi, mama yetu alikuwa akisikia tu kuna lori limepinduka Maungu halali mpaka kaka apige hodi. Kwa hivyo mkeo namuelewa sana. Lakini sikubaliani nae kwamba uache. Kazi hii hukupewa na mtu, uliitoa chini ya uvungu wa malori ya watu ukiwa na grisi mpaka kwenye masikio, leo unarudisha trela kinyumenyume kwenye yadi nyembamba na unajua breki inaumwa kwa kusikia tu. Mtu aliyeyaweza haya anaweza kujifunza kusema sentensi moja.

Sentensi yenyewe ni hii: "Bosi, nimechoka, nimesimama nalala, alfajiri naondoka, mzigo uko salama." Basi. Usieleze zaidi, usiombe radhi. Akifoka rudia hiyo hiyo. Sauti itatetemeka mara ya kwanza, iache itetemeke, muhimu gari iwe imezimwa. Na ujue hapo humwombi hisani, sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mombasa mpaka Malaba ni zaidi ya kilomita 900, lori mwisho wake 80 kwa saa, weka na foleni ya mizani pale Mariakani, weka na kupanda milima, hebu piga hesabu mwenyewe uone kama hiyo ni safari ya kutwa moja. Bosi anayekwambia usilale anajua hesabu hiyo, ni vile tu asiyelala si yeye.

Tena usingoje apige. Kabla hujatoka Mombasa mtumie meseji, leo nalala mahali fulani, kesho naondoka saa fulani. Kwenye maandishi hakuna kufokewa, na meseji inabaki, siku ya ubishi utaihitaji. Na simu ikilia unaendesha usishike, tafuta pahali pazuri uegeshe, teremka, kanyaga ardhi kwa miguu yako miwili ndio umpigie wewe.

Anaweza kukufuta, sitakudanganya. Ndio maana anza sasa hivi kuulizia yadi nyingine, polepole, ukiwa bado una kazi. Yule mzee aliyekufunza, kama yuko hai mtafute, wazee wa barabara wanajua ni tajiri gani anaheshimu usingizi wa dereva na ni yupi anazika watu.

Mkeo mwambie habari za mjomba. Si lazima yote kwa siku moja. Yeye anachokiona ni mume anayetaka kujiua na lori kwa ajili ya pesa ya mtu, hajui kwamba kuna mtoto ndani ya hiyo kebini anayeogopa kuchapwa. Akijua mtapigana vita vimoja badala ya kupigana nyinyi kwa nyinyi. Na kama kumwambia ni kuzito, anza na mshauri nasaha, ulizia hospitali iliyo karibu na kwako, watu wengi waliochapwa utotoni wamekaa kwenye viti hivyo wakatoka wepesi.

Halafu huyo tanboi. Alikupigia ukelele akakuokoa, umemshukuru? Nauliza kwa sababu hukuniandikia. Mara nyingi mtu aliyefokewa hufoka bila kujijua, na huyo kijana pengine nae ana mjomba wake. Mkisimama Voi kesho mnunulie chai, kaeni mnywe, mwambie leo tunalala hapa, kisha simu ya kwanza mpigie mama watoto umwambie umelala wapi, bosi baadae.