Lamda 1.34: ni kisukari au ni nasaba?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasomea uzamili. Nina sampuli 400 za wagonjwa wa kisukari kutoka kisiwani Lamu na 400 za wasio nacho kutoka mashamba ya Malindi. Nimepima alama 600,000 za DNA (mahali ambapo DNA hutofautiana kati ya watu), nikitafuta zinazohusiana na kisukari. Mamia zimevuka mpaka wa 5×10⁻⁸ na lamda, kipimo cha kama takwimu za majaribio zimevimba, imetoka 1.34. Nigawanye takwimu hizo kwa lamda niendelee?

JIBU: Marahaba. Usigawanye. Mpaka huo, yaani 0.05 kugawanya kwa majaribio milioni moja, hukukinga na bahati nasibu tu. Lamda nayo hulinganisha thamani ya katikati ya takwimu zako zote na ile inayotarajiwa pasipo uhusiano wowote. Yafaa ikaribie 1. Ikifika 1.34 kwa sampuli chache hivi, DNA nzima inayatofautisha makundi yako. Kisukari hakina nguvu hiyo.

Nasaba inayo. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza, katika visiwa vya Lamu. Wengi wa miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa akina mama, na ya Kiajemi, hasa kwa akina baba, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. (Wazee wa Amu wenye silsila zao hawatashangaa.) Wagiriama wa mashamba ya Malindi wana historia nyingine. Basi alama yoyote inayotofautiana kati ya jamii hizo itajitokeza kwako kama alama ya kisukari.

Kugawanya kwa lamda hupunguza kila alama kwa kiwango kimoja, ilhali tofauti za nasaba hazilingani. Za uongo zitabaki, za kweli huenda zikazama.

Kwa kawaida ningekwambia ukokotoe vijenzi vikuu (namba chache zinazofupisha tofauti za nasaba kati ya watu), baada ya kupunguza alama zinazorithiwa pamoja na kuondoa eneo la HLA (la jeni za kinga ya mwili) la kromosomu 6, uviingize kwenye modeli. Na kwa kuwa mabinamu huoana, utumie modeli mseto yenye jedwali la undugu, linaloonyesha kila wawili wanahusiana kiasi gani. Lakini kwako kijenzi cha kwanza kitafanana mno na safu yako ya mgonjwa na asiye mgonjwa. Ukikidhibiti, umeufuta na ugonjwa wenyewe. Hakuna programu itakayotenganisha nasaba na ugonjwa hapo.

Tafuta wasio wagonjwa papo hapo Lamu, wa umri uleule, na sampuli zote zipimwe kwa chipu (kifaa cha kusomea alama za DNA) ya aina moja. Za Malindi usizitupe: tafuta wagonjwa wa mashamba yaleyale, chambua kila mahali peke yake, kisha uunganishe matokeo.