Marigodi, minyoo na vinundu vya nyanya

Swali: Nilichomeka maua ya marigodi katikati ya nyanya ili kuzuia minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu), lakini mizizi ya nyanya bado ina vinundu. Na marigodi zenyewe ni majani matupu. Nakosea wapi?

Jibu: Miche ya kuchomeka hapa na pale ni pambo tu. Sumu ya mizizi yake huua minyoo iliyo karibu nayo, basi. Jaza tuta zima marigodi fupi za Kifaransa, sentimita 20 kati ya mche na mche, miezi 2 hadi 3 kabla ya kupanda nyanya. Palilia vizuri, maana magugu huwalisha minyoo hao hao. Kisha katakata mimea, uifukie.

Majani matupu? Naitrojeni imezidi, au kuna kivuli. Acha samadi. Mche ukifika sentimita 15, kata ncha ya shina juu ya jozi ya tatu ya majani. Utatoa matawi mengi.

Maua usiyatupe, hutoa rangi ya kutia sufu. Yenye uzito sawa na sufu, yachemshe polepole dakika 45, chuja, kisha tumbukiza sufu iliyolowekwa kwenye maji ya shabu (chumvi ya kushikisha rangi): utapata njano iliyokolea.