Polishi na waksi ya lori: angalia rangi kabla ya kuangalia kopo

Wenye Canter na Fuso wakiona kabini ya mwenzao inameta swali lao huwa moja tu, "yakhe umepaka waksi gani?", na mie siku zote najibu kwa swali jengine, rangi ya gari yako wewe ni ya aina gani? Hapo ndo wengi hukwama, maana mtu keshashuka sokoni Darajani hapa Unguja keshanunua kopo lenye picha ya gari ya mashindano na bado hajui anakwenda kulipaka juu ya kitu gani. Nina Canter ya kazi, inabeba saruji, kokoto, magodoro, msimu mwengine mwani kutoka Paje na Jambiani, yale magunia yanachuruzika maji ya chumvi mpaka chesisi, kwa hiyo haya nnayoandika ni ya gari inayotafuta riziki. Mwenye gari ya harusi ana vitu vyake vyengine.

La kwanza, mng'ao kwa sehemu kubwa hauletwi na waksi. Unaletwa na rangi yenyewe ikiwa safi na laini, na kazi ya kuilainisha ni ya polishi. Polishi ina chembe ndogo sana zinazosugua, zinakula kidogo ule uso wa juu uliokufa kwa jua na kuondoa vile vikwaruzo vya duara duara unavyoviona jua likipiga ubavuni. Waksi ya kawaida haisugui kitu, inakaa juu tu kuzuia chumvi na maji na uchafu visiifikie rangi upesi. Mtu anayepaka waksi juu ya rangi iliyofifia ni sawa na kupaka hina mkono wenye masizi. Halafu wiki ya pili anasema kopo bovu.

Sasa kuijua rangi. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi, sugua pahala pasipoonekana, chini ya mlango au nyuma ya kabini. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, chekundu kwa gari nyekundu, buluu kwa gari ya buluu, basi huna klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi linalofunika rangi yenyewe, yako ni rangi ya tabaka moja. Kikitoka na weusi weusi wa uchafu tu, klia ipo. Gari nyeupe tumia kitambaa cheusi, maana nyeupe juu ya nyeupe utatazama mpaka Magharibi huoni kitu. Na usidhani kwa vile gari imetoka Japani basi klia ipo lazima, malori meupe ya kazi yenye rangi tupu yapo, na kama ilishapulizwa tena hapa kwetu ndo kabisa, unaweza kukuta mlango una klia na kabini haina. Jaribu kila upande.

Kwa nini nalishikilia hili? Klia ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa mtu, na kila ukipitisha kompaundi, ile polishi kali kuliko zote, unaipunguza na hakuna waksi duniani inayoirudisha. Ikishatoboka unaona yale mabaka meupe yanachanika kama ngozi ya mtu aliyebabuka, hapo dawa ni msasa na kupuliza upya, basi. Rangi ya tabaka moja yenyewe ina huruma zaidi, ikishakuwa chaki ukaisugua ile chaki inatoka na rangi ya asili inarudi mbele ya macho yako, nyekundu ndo utashangaa, maana nyekundu ndo inayoongoza kwa kufifia. Lakini nayo pembeni na kwenye mikunjo ya bodi huwa nyembamba, ukikazana pale unafika kwenye praima, ile rangi ya chini kabisa.

Kwa hiyo kwenye polishi kanuni yangu ni kuanza na ile dhaifu. Ziko za aina tatu ukizipanga kwa ukali, kompaundi inayokata, polishi ya kati, na ile laini ya kumalizia. Watu wetu huanza na kompaundi kali kwa sababu inaonesha kazi upesi, ukipitisha tu uchafu umeruka na tajiri anafurahi, kumbe imeacha ukungu wake ambao kwenye gari nyeusi au buluu iliyokoza unauona ukisimama juani. Ukitumia kompaundi lazima umalizie na polishi laini, kama huna pesa ya vyote viwili nunua ya kati peke yake. Jaribu pahala padogo kama sahani, polishi laini kwanza, ukiona haitoshi ndo upande. Kwenye kopo tafuta pameandikwa kwamba inafaa kwa klia, ikiwa haikuandikwa na rangi yako ina klia, iache dukani.

Na yale makopo yanayochanganya polishi na waksi pamoja, huandikwa cleaner wax. Mabingwa wanayadharau ila kwa lori jeupe la rangi tupu ambalo halijafa sana mie nayapenda, kazi moja asubuhi moja umemaliza. Kwa rangi iliyokwisha kuwa chaki kabisa hayawezi.

Tukija kwenye waksi yenyewe, maneno mengi ni kati ya karnauba na hizi za sintetiki. Karnauba ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko kaskazini mashariki ya Brazili, ni ngumu, yenyewe safi inayeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 hivi, lakini ile ya kwenye kopo imechanganywa na mafuta na dawa za kulainisha ili ipakike kwa hivo hali yake si hiyo. Ukiipaka gari inapendeza, inatoa ule mng'ao wa majimaji hasa kwenye rangi za kiza, sikatai. Tatizo lake haikai. Huko kwenye baridi watu wanahesabu miezi, sie tuko nyuzi 5 na 6 kusini ya ikweta, jua la kaskazi linasimama utosini, na upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye vioo vya nyumba. Lori linalolala nje wewe hesabu wiki. Sintetiki, zile za polima, mng'ao wake mkavu kidogo lakini zinashika zaidi na haziogopi sabuni kama karnauba, kwa hiyo kwa gari ya kazi nachagua hizo bila kufikiri mara mbili, tena ya maji maji sio ile waksi ngumu ya kopo, kwa sababu kabini ya Canter ina eneo kubwa lililosimama wima na ile ngumu itakuchosha mkono kabla hujafika mlango wa pili. Kampuni za Japani kama Soft99 wana makopo tofauti ya gari nyeupe na gari za kiza, angalia usije ukabeba la kiza ukapaka nyeupe. Miezi inayoandikwa juu ya kopo, kampuni yoyote ile, mie huigawa kwa mbili nikaridhika.

Kabla hujapaka chochote gari ioshwe sawasawa na hapa ndo pesa za waksi zinapopotelea. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa waksi, nzuri siku unayotaka kuanza upya, mbaya kama ndo ya kila Ijumaa. Tafuta shampuu ya gari, dumu moja linakaa sana. Gari iliyobeba saruji au kokoto usiifute kavu hata siku moja, vumbi la mawe yetu ni msasa tosha, mwagia maji mengi kwanza literemke lenyewe ndo upitishe sponji, na anza juu ushuke chini. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa maana chini kwetu ni mawe ya matumbawe, ukiacha yakauke juani yanaacha vidoa vyeupe, vile vinatoka kwa siki uliyoipunguza maji halafu unasuuza upesi. Iliyotoka kupakia mwani au iliyovuka na meli kutoka Mkoani, Pemba, isuuzwe maji baridi yasiyo na chumvi siku ile ile, chini ya kabini na kwenye mikunjo ya milango, kwa sababu kutu ya Canter huanzia huko. Palipobanduka rangi mpaka bati, waksi haisaidii, toa kutu, tia praima, rangi, ndo urudi.

Muda wa kupaka ni baada ya Alfajiri mpaka jua halijapanda, au baada ya Alasiri kivulini. Weka mkono kwenye bati, ukiona moto ngoja, kwenye bati la moto polishi inakauka kabla haijafanya kazi na waksi inaganda mabaka. Kivuli cha mwembe kiogope, utomvu unadondoka. Na kunguru. Hawa kunguru walioletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasafishe taka, kinyesi chao kikikaukia juu ya klia kinaingia ndani kabisa, ukikiona tandika kitambaa kibichi kilainike kisha ukiinue, usikikwangue na kucha.

Paa la kabini. Hakuna anayelitazama kwa sababu liko juu, dereva halioni, utingo anaosha mpaka pale mkono unapofika, na ndo linalopigwa na jua kuliko pahala popote. Panda ngazi. Malori mengi unayoyaona mbele yanameta ukiyaangalia kutoka ghorofani paa jeupe kama limepakwa chokaa. Mie waksi paa hupata mara mbili kila nnapopaka ubavuni mara moja.

Kuhusu mashine, tafadhali sana na grenda. Nshaona mafundi wanafunga pedi ya polishi kwenye grenda ya kukatia chuma, ile ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati polishi inataka baina ya 600 na 2,000. Inachoma klia kwenye kona kabla hujasema bismillahi. Kama fundi hana mashine ya polishi yenyewe, ifanye kwa mkono, inachosha lakini mkono hauunguzi. Kona na mistari ya bodi zibandike tepu ya karatasi. Bandika pia kwenye maandishi, zile nakshi na maneno tunayoandikisha kwa brashi milangoni na juu ya kioo, maana yako juu ya klia hayana kinga yoyote na kompaundi inayala, utabaki na nusu ya jina la mtoto wako. Bodi ya mbao ya nyuma hiyo ni rangi ya mafuta au vanishi, polishi haina kazi pale. Bampa na vioo vya pembeni vya plastiki nyeusi navyo viweke mbali, polishi ikikauka mule inaacha weupe usiotoka.

Gari iliyopulizwa karibuni usiikimbilie na waksi, rangi bado inatoa hewa yake, iache angalau mwezi, miwili ndo bora, ioshe na maji tu. Na ukijua gari inakwenda kupulizwa karibuni acha vitu vyote vyenye silikoni, zikiwemo zile dawa za kupuliza kwenye dashibodi, kwa sababu mabaki yake yanafanya rangi mpya itoke vishimo vishimo na fundi atakulaumu wewe na wewe utamlaumu fundi.

Mafuta ya taa na dizeli. Najua, vinameta. Vinameta siku hiyo, kesho vumbi lote la njia ya Mwera liko juu ya kabini limeganda, na raba za vioo zinavimba. Brasso ni ya shaba, iache kwenye shaba.

Kujua lini upake tena, mwagia maji ndoo moja. Yakijikusanya vidonge vidonge yakateleza waksi ipo, yakitandaa yakalala imekwisha. Mie kabla ya masika na mara masika ikiisha hupaka hata kama vidonge bado vipo, na mwezi wa Ramadhani mwishoni kila mtu anataka gari yake ing'are kwa Iddi kwa hiyo nunua vitu vyako mapema.

Waksi paka nyembamba, nyembamba kuliko unavyofikiria, ukiona nyeupe zito umemwaga pesa na kuifuta itakuwa tabu. Futa kwa taulo la maikrofaiba, ukigeuza upande kila likichafuka. Chupa usiiache ndani ya kabini juani, itajitenga iwe maji chini na uji juu. Na taulo lililoanguka mchangani lisirudi tena kwenye rangi hata ulikung'ute vipi, hilo tangu hapo ni la kufutia rimu.